Jeraha la Uzazi wa Kwanza, Uamuzi wa Uzazi wa Pili

Mhadhara wa wazi uliotolewa Ngong, Kaunti ya Kajiado

Nashukuru kuona wanaume wengi ukumbini, kwa sababu jambo ninalolileta leo mara nyingi huachiwa wanawake walibebe peke yao.

Nimeombwa nizungumzie upasuaji wa uzazi katika kaunti yetu. Somo hilo ni pana, nami nimechagua sehemu yake moja ambayo haizungumzwi vya kutosha. Namzungumzia mama aliyejeruhiwa vibaya alipozaa mara ya kwanza, ambaye sasa ana mimba nyingine, na anafika kliniki kusema: safari hii naomba nifanyiwe upasuaji. Kusudi langu ni kuonyesha kwamba ombi hilo lina mantiki, kwamba mahali pake ni kliniki miezi kadhaa kabla ya uchungu, na kwamba baada ya mama kuelezwa yote kwa lugha anayoielewa, neno la mwisho ni lake. Sisemi kwamba kila aliyechanika apasuliwe. Wengi wao wanaweza kuzaa tena kwa njia ya kawaida bila madhara, na nitaeleza ni akina nani. Ninachokikataa ni mazoea ya kumjibu mama huyu kwa maneno mawili, “utazaa tu,” kisha kumwita anayefuata kwenye foleni.

Hoja ya kwanza: tulijue jeraha lenyewe.

Tunasema “alichanika kidogo, akashonwa,” kana kwamba kuchanika kote ni kumoja. Wakunga waliomo humu wanajua kwamba kuna daraja nne. Ya kwanza ni ngozi tu. Ya pili huingia kwenye misuli iliyo kati ya uke na njia ya haja kubwa, na hii ni ya kawaida sana. Ikishonwa vizuri hupona. Ya tatu hukata ule msuli wa mviringo unaofunga haja kubwa. Ya nne hupita msuli huo na kufika kwenye utando wa ndani wa njia yenyewe. Daraja hizi mbili za mwisho ndizo ninazozisemea. Huwapata zaidi wanaozaa mara ya kwanza, waliozalishwa kwa koleo, wenye watoto wakubwa, na wale ambao bega la mtoto lilikwama. Jeraha kama hilo likitambuliwa palepale, likashonwa na mtu aliyefunzwa, mahali penye mwanga wa kutosha na dawa ya ganzi, wanawake wengi hupata nafuu. Kwa takwimu za Uingereza, kati ya asilimia 60 na 80 huwa hawana dalili yoyote baada ya mwaka mmoja. Lakini hilo “likitambuliwa palepale” ni sharti zito. Lisipotambuliwa, mama huenda nyumbani na msuli uliokatika, na baada ya wiki chache anagundua kwamba upepo unamponyoka mbele za watu, au kwamba akihisi haja hana dakika ya kungoja. Anaacha kupanda matatu. Anaacha kwenda kanisani. Mume anadhani amebadilika tabia. Naona baadhi ya wazee wanainamisha macho. Niwieni radhi, lakini haya tusipoyataja hadharani, mama huyo atayabeba mpaka uzeeni.

Jeraha la pili ni fistula ya uzazi. Uchungu ukizidi siku moja na mtoto hapiti, kichwa chake hukandamiza nyama laini kwenye mifupa ya nyonga mpaka damu isifike, nyama ife, na baada ya siku chache litokee tundu kati ya uke na kibofu, au kati ya uke na njia ya haja kubwa. Mkojo humtiririka mchana na usiku. Mara nyingi mtoto naye huwa amefia tumboni. Hili jeraha ni la umbali na la kuchelewa. Huko Ulaya na Marekani limetoweka kwa sababu uchungu haukawii hivyo bila mtu kuingilia kati. Kwetu, Utafiti wa Kitaifa wa Idadi ya Watu na Afya wa 2014 uliwauliza wanawake kuhusu dalili zake, na takriban mmoja kwa kila mia akasema amewahi kuzipata. Tuna bahati kwamba Kenya ina wapasuaji hodari wa kuitibu, katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, katika hospitali ya Gynocare kule Eldoret na kwingineko.

Jeraha la tatu halionekani kwa macho. Ni hofu ya mama aliyeshikwa miguu na watu asiowajua, aliyekatwa bila kuambiwa, aliyepigwa makofi ya mapaja ili asukume, au aliyezaa sakafuni. Utafiti uliofanyika katika hospitali 13 za Kenya chini ya mradi wa Heshima ulikuta kwamba mama mmoja kati ya watano aliripoti kudharauliwa au kutendewa vibaya wakati wa kujifungua. Wako kati yao wanaoamka usiku wakitokwa jasho miaka mitatu baadaye. Wako wanaokataa kushika mimba tena. Hilo nalo ni jeraha la uzazi, hata kama hakuna uzi ulioshonwa.

Hapa Kajiado lazima niongeze jambo moja kuhusu tohara ya wanawake. Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilichapisha utafiti wa wanawake zaidi ya 28,000 waliozalia katika vituo 28 vya nchi sita za Afrika, Kenya ikiwemo. Waliokeketwa kwa aina ya pili na ya tatu, zile zinazokata zaidi, walikuwa na uwezekano wa kufanyiwa upasuaji wa uzazi uliozidi kwa takriban asilimia 30, na walitokwa na damu nyingi zaidi baada ya kuzaa. Kovu halitanuki kama ngozi nzima inavyotanuka. Kukeketwa peke yake si sababu ya kupasuliwa, na mkunga mzoefu anajua namna ya kumsaidia mama huyo. Lakini jeraha la utotoni likikutana na jeraha la uzazi wa kwanza, anayempokea mama kwa uzazi wa pili hana haki ya kudhani kwamba anaanza upya.

Hoja ya pili: majeraha haya hayana jibu moja.

Nianze na fistula, kwa sababu hapo hakuna ubishi mkubwa. Mama aliyefungwa tundu akapona, akishika mimba tena, anashauriwa azae kwa upasuaji uliopangwa. Kovu lililofunga tundu ni jembamba. Uchungu mrefu mwingine unaweza kulifungua, na kulifunga mara ya pili ni kazi ngumu kuliko ya kwanza. Ushauri huo kwa kawaida huandikwa kwenye barua anayopewa akiruhusiwa kutoka hospitali. Sasa fikirini safari ya barua hiyo. Imeandikwa Nairobi, kwa Kiingereza, imekunjwa ikawekwa kwenye mfuko wa plastiki, ikapelekwa boma lililo ng'ambo ya Magadi. Baada ya miaka miwili mvua imeinyeshea, au familia imehama kufuata malisho. Usiku wa uchungu anaitwa enkaitoyoni, mkunga wa jadi mwenye mikono ya hekima, ambaye hajaambiwa lolote kuhusu barua. Matibabu ya mwezi mzima yanaweza kupotea usiku mmoja kwa kukosa karatasi.

Kwa waliochanika daraja la tatu na la nne, ushahidi unataka uangalifu zaidi. Uwezekano wa kuchanika hivyo tena ni takriban asilimia 5 hadi 7. Maana yake ni kwamba kati ya wanawake 100, zaidi ya 90 hawatachanika hivyo tena. Wafaransa walifanya jaribio wakalichapisha 2021: waliwachukua wanawake ambao msuli wao ulikuwa umeharibika lakini hawakuwa na dalili yoyote, wakawagawa kwa kura, nusu wakapangiwa upasuaji na nusu uzazi wa kawaida. Baada ya miezi sita hawakuona tofauti ya maana kati ya makundi hayo katika uwezo wa kujizuia. Kwa hiyo mama aliyepona kabisa, asiye na dalili, asiye na hofu, anaweza kuambiwa kwa dhamiri safi kwamba njia ya kawaida ni njia njema kwake. Lakini tazameni jaribio hilo liliwahusu akina nani: wasio na dalili. Mwongozo wa chuo cha wataalamu wa uzazi cha Uingereza, RCOG, wa 2015, unasema kila aliyepata jeraha hili ashauriwe kuhusu njia ya uzazi unaofuata na mazungumzo yaandikwe; na kwamba yule mwenye dalili, au ambaye vipimo vinaonyesha msuli haujakaa sawa, aelezwe kuhusu hiari ya upasuaji uliopangwa. Msuli ambao tayari umelegea hauna akiba. Jeraha dogo la pili linaweza kumtoa mama kwenye hali anayoivumilia na kumtia kwenye hali asiyoiweza.

Kumbe basi kila kitu kinategemea swali ambalo kliniki zetu haziulizi. Fungueni kijitabu cha mama na mtoto, kile kila mjamzito wa Kenya anachobeba, kwenye jedwali la mimba zilizotangulia. Kila uzazi una mstari wake: mwaka, mahali, uchungu ulichukua muda gani, njia ya kujifungua, uzito wa mtoto. Mama aliyechanika mpaka kwenye haja kubwa, na mwenzake aliyetoka bila mshono hata mmoja, wote wawili huandikiwa herufi zile zile tatu, SVD, yaani alizaa kwa njia ya kawaida. Kwa macho ya anayesoma, wanawake hawa wawili hawana tofauti. Na swali lenyewe si gumu, wala halihitaji mashine. Mama, mara ya mwisho ulishonwa wapi? Tangu hapo, upepo unakuponyoka? Ukihisi haja unaweza kungoja? Unavaa kitambaa? Ukiufikiria uzazi ule, moyo unakwenda mbio? Dakika tatu zinatosha.

Hoja ya tatu: upasuaji uliopangwa na upasuaji wa dharura si kitu kimoja.

Hapa ndipo pingamizi zito kuliko yote linapokaa, nami nitalieleza kwa nguvu zake zote kabla ya kulijibu. Mwaka 2019 jarida la Lancet Global Health lilichapisha matokeo ya utafiti uliofuatilia upasuaji wa uzazi zaidi ya 3,600 katika nchi 22 za Afrika. Walikufa akina mama takriban 5 kwa kila 1,000 waliopasuliwa. Hiyo ni kama mara 50 ya vifo vinavyoonekana katika nchi tajiri. Mtu akikuambia, basi, kwamba kumpasua mwanamke wa Afrika anayeweza kuzaa mwenyewe ni kumtia hatarini, hasemi upuuzi. Ana takwimu mkononi. Na katika nchi ambayo sensa ya 2019 ilikadiria vifo 355 vya uzazi kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai, hatuna ruhusa ya kulipuuza neno lake.

Lakini tuuangalie ndani utafiti huo. Zaidi ya robo tatu ya wanawake wale walipasuliwa kwa dharura. Walifika wakiwa wamechoka, wengine wameshatokwa na damu, wengine na matatizo yaliyokwishaanza kabla ya kisu. Vifo viliambatana hasa na kutokwa damu na matatizo ya dawa ya usingizi, na nyuma yake kuna kuchelewa, upungufu wa damu ya kuongezewa, na uchache wa wataalamu. Kwa sehemu kubwa, zile 5 kwa 1,000 ni bei ya upasuaji usio na maandalizi. Upasuaji uliopangwa ni jambo tofauti. Mama anaingia mchana, hajala, damu yake imepimwa na kundi lake linajulikana, chupa za damu zimetafutwa, mtaalamu wa dawa ya usingizi yuko kazini, mpasuaji hajakesha usiku kucha. Hatari haiishi, hakuna upasuaji usio na hatari. Lakini haiwi ile ya usiku wa manane.

Na sasa tuilete hoja hii nyumbani. Kaunti yetu ina zaidi ya kilomita 21,000 za mraba. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,117,840, na wengi wao wamesongamana kwenye ukanda huu wa Ngong, Rongai, Kiserian na Kitengela, wakati waliobaki wametawanyika hadi Shompole, Namanga na Loitokitok. Mama wa Ngong akipatwa na shida, ana barabara ya lami na hospitali kadhaa za Nairobi mbele yake. Mama wa Shompole ana giza, vumbi na gari la kukodi, kama lipo. Kwa mama wa kwanza, kuambiwa “tujaribu njia ya kawaida, mambo yakiharibika tutakupasua” ni ushauri unaowezekana. Kwa mama wa pili, maneno hayo hayo ni ahadi isiyo na mtu wa kuitimiza. Yeye hachagui kati ya uzazi wa kawaida na upasuaji uliopangwa tu. Kuna njia ya tatu ambayo haikutajwa: upasuaji wa dharura uliochelewa, au kukosa upasuaji kabisa. Tukizilinganisha njia mbili za kwanza bila kuitaja ya tatu, hatujamshauri.

Na kupanga kuna masharti yake, ambayo wauguzi wataniunga mkono. Upasuaji uliopangwa kwa kawaida hufanywa mimba ikitimiza wiki 39, ili mapafu ya mtoto yawe yamekomaa. Huwezi kuhesabu wiki 39 kwa mama ambaye hakumbuki hedhi yake ya mwisho na aliyefika kliniki mimba ikiwa na miezi saba. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani lilipendekeza 2016 kila mjamzito apigwe picha ya altrasaundi moja kabla ya wiki 24. Kwa mama mwenye jeraha la zamani, picha hiyo ya mapema ndiyo inayoamua tarehe. Pia uchungu hausomi kalenda. Lazima ijulikane mapema kwamba akianza kabla ya siku, atakwenda wapi, kwa gari la nani, na nani atabaki na watoto. Anayeishi mbali asogee karibu na hospitali wiki mbili kabla. Kwa jamaa, kwa rafiki, au katika nyumba ya kungojea pale ilipo. Jambo hili huanza na mama kufika kliniki mapema, na mama hufika mapema akiamini kwamba atasikilizwa.

Hoja ya nne: sheria imeshasema.

Hapa nitapita haraka, kwa sababu maandishi ni wazi. Katiba yetu ya 2010, ibara ya 43, inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa, na inataja afya ya uzazi kwa jina. Sheria ya Afya ya 2017, kifungu cha 8, inamtaka mtoa huduma amweleze mgonjwa hali yake, njia za matibabu zilizopo, faida, hatari na gharama zake, na, inapowezekana, afanye hivyo kwa lugha mgonjwa anayoielewa na kwa kuzingatia kiwango chake cha elimu. Kwa mama wa Kimaasai asiyejua Kiingereza wala Kiswahili, maana yake ni Kimaa. Na mahakama zetu zimeanza kuyatilia nguvu. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Bungoma iliamuru mama aliyezalia sakafuni katika hospitali ya kaunti alipwe fidia ya shilingi milioni 2.5, kwa sababu heshima yake ilivunjwa.

Kuna kesi moja ya nje ambayo ningependa madaktari vijana waisome yote. Nadine Montgomery wa Uskoti alikuwa mwenye kisukari na mdogo wa umbo, na kwa wanawake wa hali yake kulikuwa na uwezekano wa asilimia 9 hadi 10 kwamba bega la mtoto lingekwama. Hakuambiwa. Daktari wake alieleza mahakamani kwamba angeitaja hatari hiyo kwa kila mama mwenye kisukari, wote wangetaka upasuaji. Mtoto alizaliwa 1999, bega likakwama, ubongo ukakosa hewa. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya Uingereza ilimpa mama ushindi, ikasema kipimo cha nini aambiwe mgonjwa si kile madaktari wenzake wanachoona kinafaa, bali kile ambacho mtu wa hali ile angekiona kizito. Hukumu hiyo haizifungi mahakama za Kenya, lakini hoja yake ni nzito: kumnyima mtu habari kwa kuogopa uamuzi atakaoufanya ni kumfanyia uamuzi huo wewe mwenyewe.

Sasa nizijibu pingamizi zilizobaki, kwa kuwa najua zimo ukumbini.

Wengine wanasema upasuaji umezidi. Kati ya 2014 na 2022 kiwango cha kitaifa kilipanda kutoka asilimia 9 hadi 17, na Shirika la Afya Duniani limesema kwamba juu ya asilimia 10 hakuna ushahidi wa kupungua kwa vifo katika jamii. Ni kweli, na ni kweli pia kwamba hospitali ikilipwa zaidi kwa kupasua inaweza kushawishika. Chini ya bima mpya ya SHA, yaani Mamlaka ya Afya ya Jamii, viwango vilivyotangazwa 2024 vilikuwa shilingi 10,000 kwa uzazi wa kawaida na 30,000 kwa upasuaji. Tofauti hiyo inahitaji kuchungwa. Lakini wastani wa taifa unaficha ndani yake wanawake wanaopasuliwa bila sababu na wanawake wanaokufa kwa kukosa kupasuliwa. Huwezi kuurekebisha kwa kumnyima yule mwenye sababu. Na tamko hilo hilo la 2015 la Shirika la Afya Duniani lilisema juhudi zielekezwe kumpa upasuaji kila mama anayeuhitaji, badala ya kukimbiza asilimia fulani. Mama mwenye msuli uliokatika na dalili za kila siku ni mwenye sababu.

Wengine wanauliza kuhusu idadi ya watoto. Hili nalichukulia kwa uzito mkubwa, hasa katika jamii zinazopenda familia kubwa. Kila upasuaji huacha kovu kwenye mfuko wa uzazi, na kondo la nyuma la mimba inayofuata linaweza kujishikiza kwenye kovu hilo lisitoke. Utafiti wa Marekani wa 2006 uliowahusu wanawake wapatao 30,000 ulikuta hali hiyo kwa chini ya mmoja kwa mia hadi upasuaji wa tatu, zaidi ya 2 kwa mia kwenye wa nne, na karibu 7 kwa mia kwenye wa sita. Pasipo damu ya kutosha, hiyo ni njia ya kifo. Kwa hiyo mama anayechagua upasuaji lazima aulizwe, mumewe akiwepo kama yeye mwenyewe anataka awepo, wanatarajia watoto wangapi. Anayetaka wawili ana hesabu tofauti na anayetaka saba. Hilo halifungi mlango. Ni mojawapo ya mambo ya kuzungumza pale kliniki, pamoja na uzazi wa mpango.

Kuna pingamizi la heshima, na viongozi wa dini mnisikilize kwa upole. Katika makanisa yetu mengi wajawazito huombewa wajifungue kama wanawake wa Kiebrania, kwa kuwa Kitabu cha Kutoka, sura ya kwanza, kinasema hao walizaa kabla mkunga hajafika. Ni sala nzuri, wala simzuii mtu kuiomba. Lakini someni tena nani anasema maneno yale, na anamwambia nani. Ni wakunga, Shifra na Pua, wanamjibu Farao aliyewaamuru waue watoto wa kiume. Walikuwa wanaokoa maisha. Kuyageuza maneno yao yawe fimbo ya kumchapa mwanamke aliyepasuliwa, ajione ameshindwa imani au hajazaa kikamilifu, ni kinyume cha walichokifanya wakunga wale. Na wazee wa Kimaasai wanajua kwamba hofu ya uzazi mgumu si ya leo. Mama zetu walipunguza chakula miezi ya mwisho ili mtoto asiwe mkubwa akakwama. Hatuwashauri tena hivyo, kwa sababu humdhoofisha mama. Lakini inaonyesha kwamba kutafuta njia ya kumwepusha mama na jeraha ni mila ya zamani.

Mwisho kuna wanaosema mama wa namna hii anahitaji faraja ya moyo, hahitaji kisu. Kwa baadhi ni kweli. Mwongozo wa Uingereza kuhusu upasuaji wa uzazi unataka mama mwenye hofu kubwa apewe kwanza nafasi ya kuongea na mtaalamu wa afya ya akili ya uzazi. Wako wanaobadili nia baada ya kuelezwa kilichowapata mara ya kwanza na kuahidiwa mkunga mmoja wa kuwa naye mpaka mwisho. Lakini mwongozo huo huo unaongeza kwamba baada ya mazungumzo, akiendelea kuchagua upasuaji, chaguo lake liungwe mkono. Faraja inayotolewa kwa sharti kwamba lazima ubadili nia haimfariji mtu.

Mheshimiwa Mwenyekiti, nimalizie na kazi iliyo mbele. Ya kwanza haigharimu kitu: kuanzia kliniki ya wiki ijayo, muuguzi akifika kwenye jedwali lile la mimba zilizotangulia, aandike pembeni kwa kalamu daraja la kuchanika, au neno fistula, na dalili zilizobaki. Ili vituo vyote vya kaunti vifanye hivyo, inatosha barua moja ya idara ya afya. Ya pili ni ya wahudumu wa afya ya jamii, ambao tangu Septemba 2023 wamepewa mikoba na simu za kuandikia kaya wanazozitembelea. Ninyi ndio mnaoingia manyattani. Mkikuta mama aliyetibiwa fistula, pigeni picha ile barua yake kwa ruhusa yake, nakala ikae kituoni kabla mvua haijaifikia. Ya tatu ni ya familia: SHA hailipii upasuaji wa mwanachama ambaye mchango wake haujalipwa, kwa hiyo usajili na malipo yafanywe mimba ikiwa changa, na kina baba hili nalikabidhi kwenu.

Ya nne ni kubwa zaidi na itachukua miaka. Mpango wa maendeleo wa kaunti unaotumika sasa unaishia 2027, na ule wa 2028 hadi 2032 utaandikwa baada ya vikao vya kuwasikiliza wananchi. Hudhurieni vikao hivyo. Ombeni nyumba za kungojea karibu na hospitali zenye chumba cha upasuaji, kwanza kwa upande wa Magadi na wa Loitokitok. Ombeni wataalamu wa dawa ya usingizi wa kutosha zamu zote mbili, na akiba ya damu. Ombeni mkunga mmoja katika kila kaunti ndogo afunzwe kutambua na kushona daraja la tatu na la nne, ili wanawake wanaozaa mara ya kwanza mwaka huo wasiwe na sababu ya kuuliza swali tulilolijadili leo. Nakala za kifungu cha 8 cha Sheria ya Afya ziko mezani pale mlangoni, kwa Kiswahili na kwa Kimaa. Sasa nangoja maswali yenu, nikiomba kina mama waanze.